Pasheni Yako Inachanua Haizai? Usiing'oe

Wiki hii msomaji ameniandikia: pasheni yake ya njano imefunika uzio mzima, inachanua kila siku, lakini maua yote yanadondoka bila tunda. Anashauriwa aing'oe. Nimeumia kusoma, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena na watu niliowaheshimu kwa kilimo.

Yangu ilikuwa imemeza waya wote. Kila adhuhuri maua yanafunguka, yale yenye nyuzi nyeupe na zambarau; jioni yamejifunga, kesho yake yako chini. Mmoja alisema ni mmea dume. Mwingine alinicheka mbele ya wageni wangu. Sikubishana nao. Nilivuta kiti nikakaa nayo mchana kutwa, nikaona nyuki wa asali wakichota chavua na kwenda zao bila kugusa zile ncha tatu za juu zinazopokea chavua. Miili yao ni midogo. Ua hili linamtaka nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao, ambaye mgongo wake unafika.

Na hata akija, pasheni ya njano kwa kawaida haishiki mimba kwa chavua yake yenyewe. Inataka ya mche mwingine, ulioota kwa mbegu nyingine. Pingili uliyokata kwenye mche uleule haisaidii kitu. Ile ya zambarau ndiyo hujitosheleza.

Nikapanda mche wa pili. Ulipochanua, nikawa nachuma kifuko cha chavua huku na kukipaka kwenye ncha tatu za ua la kule, ncha zikishainama, ua likiwa kavu, kwa sababu chavua ikilowa hupasuka. Msimu ule nguzo zililemewa. Aliyenicheka alikuja kuomba matunda nikampa, ila neno la kukiri sijalisikia mpaka leo.

Ndugu yangu, usimpe panga mtu ambaye hajawahi kukaa akautazama mmea wako. Tazama mwenyewe! Usipulize dawa ya wadudu mchana maua yakiwa wazi. Waachie nyuki weusi magogo makavu watoboe. Pogoa, kwani tunda hutoka kwenye machipukizi mapya. Na nasema tena, mche wa pili.

Wakati unakua, omba ua kwa mwenye pasheni nyingine, uwahi nalo mchana huohuo, ujaribu kwenye ua moja tu. Likishika, utaona kitako chake kikivimba baada ya siku chache.