Hakimu unamuonea bure

Mkuu, umeuliza kwa nini hakimu kamnyima kaka yako dhamana kwenye kesi ya utakatishaji fedha (kuzipa fedha za uhalifu sura ya halali), wakati "hakuna aliyekufa". Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mwaka 2018 mdogo wangu, mtunza stoo wa kampuni moja, alipandishwa kizimbani kwa wizi. Wizi una dhamana. Wadhamini wawili nilikuwa nao, barua za serikali ya mtaa mkononi, hati ya nyumba ya baba mkubwa kwenye bahasha. Wakili wa serikali akasimama: DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, hana nia ya kuendelea na shauri. Shangazi akapiga vigelegele. Hata hajamaliza, dogo kadakwa tena mlangoni. Wiki hiyohiyo akarudishwa na hati mpya ya mashtaka. Fedha zilezile, ila safari hii pameongezwa kutakatisha.

Hakimu akasema mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, mshtakiwa asijibu lolote, na kosa halina dhamana. Yule mama hakimu nilimchukia miezi mingi. Mpaka siku wakili wetu aliponifungulia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu kilichokuwa 148(5). Utakatishaji uko kapu moja na mauaji, uhaini na ugaidi. Walioutia humo ni wabunge, haohao tunaowapigia kura. Aliyechagua shtaka liandikweje ni mwendesha mashtaka. Hakimu kabakiwa na kazi ya kupanga tarehe: kila siku 14, upelelezi haujakamilika, rudi mahabusu.

Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba, tukashangilia. Agosti Mahakama ya Rufani ikatengua.

Dogo alishatoka kabla ya hapo. Bunge lilipitisha 2019 utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa, tukauza kiwanja, DPP akaondoa utakatishaji, mdogo wangu akakiri lile kosa dogo na kulipa. Kama kweli alizila zile fedha, mpaka leo sijui. Mtu aliyechoka mahabusu anakiri chochote.

Kwa hiyo barua ya wakili wenu iende kwa DPP. Wakili aichambue hati ya mashtaka: imeeleza hizo fedha zilifichwaje, au wamebandika tu neno? Akibana hapo, shtaka la utakatishaji linaweza kuondolewa. Na wadhamini usiwaachie, siku hiyo utawahitaji kabla mahakama haijafungwa.