Dodoso ni amana

Mwanangu Neema,

Hatujambo, baba yako anakusalimu. Umeniuliza likizo hii ukajitolee bila posho kwenye maabara ya saikolojia ya mwalimu wako pale Mlimani, au ukakae dukani kwa baba yako mdogo Kariakoo akulipe.

Maabara hiyo haina chupa wala darubini. Ina meza, kompyuta na kabati la kufuli. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hupokea washiriki, huwasomea fomu ya ridhaa na kuingiza data. Wenzako watakwambia kuingiza data ni kazi ya kupoteza muda. Si kweli. Dodoso, ile karatasi ya maswali aliyoijaza mtu, ni amana yake.

Unayakumbuka yale madodoso 240 pale mezani Tabata, ukiwa darasa la nne? Ulinisomea namba hadi ukasinzia, na sikukwambia chanzo chake. Lilikuwa dodoso la wasiwasi: sentensi 20, majibu 1 (sivyo kabisa) hadi 4 (ndivyo kabisa), na jumla kubwa ni wasiwasi mwingi. Sentensi 7 zilikuwa za kinyume, mfano "Najisikia nimetulia". Aliyejibu 4 hapo huhesabiwa 1. Unachukua 5 unatoa jibu lake. Lakini mwingizaji huandika tiki kama ilivyo, kompyuta ndiyo igeuze, mara moja, kwa wote. Sisi tulikuwa watatu na hatukukubaliana mapema. Wawili tuligeuza kichwani, mmoja hakugeuza, kisha programu ikageuza tena zote. Alfa ya Cronbach, kipimo cha kama sentensi zinakwenda pamoja, tuliitegemea ipite 0.7; ikatoka chini ya 0.4. Tukasema washiriki hawakuelewa maswali. Watu walijibu vizuri, tukawasingizia! Hilo linaniuma mpaka leo. Na kwa kuwa hakuna aliyeandika nani kaingiza lipi, ilibidi turudi kwenye karatasi, moja moja.

Karatasi zile hazikuwa na majina, namba tu. Fomu za ridhaa zilibaki kabatini ofisini. Hata hivyo hazikupaswa kufika nyumbani, achilia mbali mikononi mwa mtoto. Nilijiambia muda umekwisha. Lakini ningeweza kulala ofisini. Ningeweza, Neema. Amana ni amana.

Kwa hiyo ukienda, kabla ya kugusa karatasi omba mwongozo wa misimbo: kila swali, namba zake, yapi yanageuzwa, na swali lililoachwa wazi linaandikwaje (lisiandikwe 0 kamwe). Andika jina lako na tarehe kwenye kila fungu. Kila dodoso liingizwe na watu wawili, mafaili yalinganishwe, na palipotofautiana karatasi ndiyo iamue.

Kuhusu Mlimani au Kariakoo, jibu ninalo na linaniwasha ulimi, ila sitalisema kabla hujamuuliza mwalimu nani atakaa nawe kila siku kukuelekeza, na kama utafika kwenye uchambuzi au utaishia kupanga viti. Nipigie Jumapili jioni. Baba yako mdogo nimemwomba asubiri.

Mama yako