Nyumba ndogo ya wageni ya hadhi Brighton: chagua chumba kwanza, nyumba baadaye

Mkuu, kwa faida ya wanaoingia sasa hivi: umesema wewe na shemeji mnatoka Muscat mwezi wa tisa, mnataka kulala siku mbili Brighton, kusini mwa Uingereza, na mmeona nyumba ya wageni yenye vyumba 9 mtaa wa Kemptown. Chumba cha mbele kinakaribia bei mara mbili ya cha nyuma, na unauliza tofauti hiyo inalipia nini.

Inalipia sehemu ya jumba la zamani. Majengo mengi ya pale, na yale ya Regency Square upande wa magharibi, ni ya mwanzoni mwa karne ya 19, wakati matajiri walipoufuata mji huo kwa sababu mwanamfalme George, baadaye mfalme George IV, alikuwa na kasri lake pale. Kila jumba lilikuwa la familia moja na watumishi wao, na mpangilio ule ndio unaoamua utalalaje leo. Ghorofa ya kwanza ilikuwa sebule: dari iko juu sana, madirisha ni marefu na yamejitokeza nje kwa mviringo, mara nyingi kuna roshani nyembamba ya chuma. Ghorofa ya juu kabisa walilala watumishi: dari inainama, dirisha ni dogo, na presha ya maji ya shawa huwa hafifu. Chini ya usawa wa barabara kulikuwa na jiko, na chumba cha huko hata kiwe na marumaru na taulo nene, dirishani utaona miguu ya wapita njia. Nyumba ni moja, jina ni moja, lakini hivyo ni vyumba vitatu tofauti kabisa. Mimi ningelipia ghorofa ya kwanza mbele, au ningechukua cha nyuma ghorofa hiyohiyo. Cha juu kabisa ningekiacha.

Usibonyeze tu "lipa". Waandikie barua pepe moja kwa moja, taja namba au jina la chumba, na uulize: kiko ghorofa ya ngapi, dirisha linatazama wapi, kitanda kina upana gani (sentimita 135 ni kidogo kwa watu wawili, taka 150 au zaidi), kuna beseni la kuogea au shawa peke yake, na madirisha yana kioo cha pili kwa ndani? Hilo la mwisho lina uzito. Majengo haya yanalindwa kisheria, hivyo mwenye nyumba si rahisi kuruhusiwa kubadili madirisha ya mbele. Yanabaki ya mbao, ya kupandisha na kushusha, yakishikwa na kamba na vyuma vizito vilivyofichwa ndani ya fremu. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma kutoka baharini, dirisha lisilo na kioo cha pili linagongagonga usiku kucha. Na lifti usiitarajie. Kama kuna mwenye magoti mabovu, mwambieni mwenye nyumba kabla ya kulipa.

Kuhusu "kuona bahari", soma maneno kwa makini. Nyumba nyingi hazipo ufukweni kabisa, zipo kwenye viwanja vilivyo wazi upande mmoja kuelekea bahari, mfano New Steine. Ukiwa chumba cha mbele unaiona bahari kwa kutazama pembeni, ukisimama kwenye ule mviringo wa dirisha. Ni nzuri, hasa gati la Palace Pier, lililofunguliwa 1899, likiwashwa taa usiku. Lakini ukiwa umelala kitandani utaona nyumba za upande wa pili. Ufukwe wenyewe ni kokoto, si mchanga. Bebeni viatu vya kuingilia majini. Septemba maji huwa karibu nyuzi 17, na kwa mtu aliyezoea Muscat hiyo ni baridi ya kweli. Shakwe hupiga kelele alfajiri, zaidi wakati wa kutaga na kulea, yaani kuanzia Aprili hadi Julai hivi. Septemba kuna nafuu.

Bei: Jumamosi ndiyo ghali, na nyumba nyingi hazikubali usiku mmoja wikiendi. Ingieni Jumapili, mtoke Jumanne. Chumba kilekile kinashuka sana. Epukeni pia siku za mikutano mikubwa mjini. Bei inayoonyeshwa huwa tayari imejumlisha kodi ya VAT, asilimia 20. Kama viza bado haijatoka, chukueni nafasi inayoweza kufutwa bila hasara, hata kama inazidi pauni kumi hivi.

Mapokezi hayako wazi usiku. Kwa kawaida mnaingia kuanzia saa 8 au 9 mchana hadi jioni, kisha mnapewa ufunguo au namba za mlango mkuu. Ndege ikichelewa, pigeni simu, la sivyo mtasimama barazani na mabegi. Mtaandika majina kamili na uraia. Sheria inawataka wasio Waingereza, Waairishi wala raia wa Jumuiya ya Madola watoe pia namba ya pasi na waendako baadaye. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda hawamo katika sharti hilo. Mwomani, Mrundi na Mkongo wamo.

Sasa bafuni, ambako watu wetu hupata hasara. Sakafu ni ya mbao chini ya vigae, na haina tundu la kutolea maji. Maji yakimwagika nje ya shawa hupenya na kutokeza kwenye dari ya chumba cha chini, na mnaweza kudaiwa. Chooni hakuna bomba la mkono: bebeni kopo dogo na mtawadhe mkiwa ndani ya shawa au juu ya beseni. Udi na ubani msiwashe hata kidogo, kwa kuwa king'amuzi cha moshi kimeunganishwa na cha nyumba nzima na wote watatoka nje. Hina mbichi na shuka nyeupe havipatani. Plagi ni zile za pini tatu za mraba, sawa na Tanzania na Oman, ila bafuni kuna tundu la mashine ya kunyolea tu. Redieta, yaani kipasha joto cha ukutani, ina kitufe cha kuzungusha, 1 hadi 5. Kukipeleka 5 hakuharakishi joto, kunaongeza kiwango litakachofikia, na boila, mtambo unaopasha maji ya redieta, mara nyingi huwaka kwa saa maalumu.

Staftahi hupikwa kwa oda. Mnapewa kadi jioni, mnaweka alama. Sahani ya Kiingereza ina beikoni na soseji za nguruwe, na ile soseji nyeusi ni ya damu. Kuziondoa peke yake hakutoshi, kwani mayai na uyoga huweza kukaangwa kikaango kilekile. Andikeni siku mbili kabla mkiomba kikaango kisafi na mafuta ya mimea, au chagueni mayai ya kuchemsha, uji wa shayiri, au samaki wa kufukizwa moshi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Gatwick treni ni kama nusu saa, kutoka stesheni ya London Victoria kama saa moja. Kwa kuwa mtaingia Jumapili, kagueni ratiba mapema: matengenezo ya reli hufanywa siku hiyo, na sehemu ya njia hugeuzwa kuwa ya basi. Stesheni ya Brighton ipo juu ya kilima, basi namba 7 linawafikisha Kemptown.