Kwa nini mtoto wa miaka 6 ana msimamo mkali kuliko wa miaka 9?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu na ninafanya utafiti mdogo kwa ajili ya shahada yangu. Nimewauliza watoto kama ni sawa mume apike na kuogesha mtoto huku mke akienda kazini. Wa miaka 6 karibu wote wamekataa, wa miaka 9 wengi wamekubali, na wa miaka 15 wamegawanyika. Nilitarajia mtazamo ulegee kidogo kidogo kadiri umri unavyopanda. Je, maswali yangu yana kasoro?

JIBU: Mwalimu, usiyatupe matokeo hayo. Mwaka 1977 mwanasaikolojia William Damon alichapisha utafiti ambamo watoto walisimuliwa kisa cha mvulana anayependa kucheza na wanasesere. Wadogo wa miaka 4 hawakuona tatizo. Wa miaka 6 hivi walisema ni kosa. Wa miaka 9 walisema si kawaida, lakini hiari ni yake. Kupanda na kushuka huko ndiko unakokuona.

Mtoto wa miaka 6 bado hajatenganisha vizuri yale yanayotendeka na yale yanayopaswa kutendeka. Kwake, "baba hapiki" inakaribiana na "jiwe huzama majini". Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg alieleza mwaka 1966 kwamba mtoto huanza kwa kujua yeye ni wa kike au wa kiume, kisha hujua kuwa atabaki hivyo akikua, na mwishoni, kwenye miaka 6 au 7, hutambua kwamba hata akibadilisha nguo au kazi jinsi yake haibadiliki. Asiyefika hapo hushikilia sana alama za nje.

Hao wa miaka 15 ndio ningependa uwatazame kwa makini. Mwanasaikolojia Elliot Turiel alionyesha kwamba fikra kuhusu desturi huenda kwa mawimbi: kipindi fulani mtoto huzikubali, kipindi kingine huzihoji. Kijana wa miaka 15 anaanza kuiona desturi kama sehemu ya mfumo mzima wa jamii, na papo hapo anapima haki, hiari ya mtu na gharama ya kukaidi. "Hapana" yake si ile ya mtoto wa miaka 6. Mwaka 1994 Cecilia Wainryb na Turiel waliripoti mahojiano na Wadruzi wa Israeli (jamii ya kidini inayozungumza Kiarabu), vijana na watu wazima. Wanaume na wavulana waliyaona mamlaka ya mume kuwa haki yake. Wanawake na wasichana walitaja sana madhara ya kutotii, na wengi wao waliona utaratibu huo si wa haki. Kwa hiyo msichana akikuambia "mke amsikilize mume", huenda anakueleza anachokiogopa, wala si anachokiamini. Ukimwekea alama ya "anakubali" utakuwa umemnyamazisha.

Kasoro ninayoiona ni kwamba umekomea kwenye ndiyo na hapana. Baada ya kila jibu uliza "kwa nini?", kisha lijaribu jibu hilo kwa maswali zaidi. Je, ingekuwa mahali ambapo kila mume anapika, ingekuwaje? Na kama mke hataki? Na kama wote wawili wamekubaliana? Mtoto anayebadilisha jibu kwenye swali la mahali ambapo kila mume anapika anazungumzia desturi. Asiyebadilika hata kidogo huenda anaamini ni maumbile. Ambaye jibu lake linageukia kwenye ridhaa ya mke ameshaingia kwenye haki.

Tenganisha pia kazi za nyumbani na uamuzi. Nani aoshe vyombo na nani aamue familia ihamie wapi ni mambo mawili, na mtoto anaweza kuwa mwepesi kwenye moja na mgumu kwenye jingine.

Sababu zao ziandike neno kwa neno. Kisha mwombe mwenzako azipange kwenye makundi (maumbile, desturi, hiari, haki, hofu ya madhara) bila kuona ulivyozipanga wewe, na mpime makubaliano yenu kwa kapa ya Cohen (kipimo cha jinsi wapangaji wawili wanavyokubaliana zaidi ya bahati tu) kabla hujaanza kulinganisha umri.