Lee alikubali, ila kuna mahali alikwama

Mmeuliza wiki hii: jemadari aliyeshindwa hukubali kweli, au husalimu amri kwa kukosa njia tu? Mimi nimemchukua Robert E. Lee wa Marekani, jemadari wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa yakapigana na Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, maana kwake nayaona majibu yote mawili.

Kwamba alikuwa amebanwa, halina ubishi. Tarehe 9 Aprili 1865, huko Appomattox Court House, Virginia, jeshi lake lilikuwa limezibiwa njia na lina njaa. Akakutana na Ulysses Grant, jemadari wa Kaskazini, sebuleni kwa Wilmer McLean, mkazi wa pale, wakaandikiana kusalimu amri. Masharti hayakuwa makali: maofisa wabaki na bastola na farasi wao, askari waweke silaha chini warudi makwao, na mwenye farasi au nyumbu wake aondoke naye akalimie. Grant akawapa na posho ya watu 25,000.

Lakini ninalolipima zaidi lilitokea asubuhi ile, kabla kalamu haijashikwa. Porter Alexander, ofisa wake wa mizinga, alimshauri askari watawanyike porini na bunduki zao. Vita vya msituni, kwa maneno mengine. Lee akakataa. Watu hao, alisema, wangegeuka magenge ya uporaji, wapandafarasi wa adui wangewafukuza hadi sehemu ambazo vita havikuwahi kufika, na nchi ingekaa miaka kabla ya kupona. Kwa hiyo njia ilikuwepo bado, mbovu lakini ipo, na mwenyewe akaiacha. Hapo sioni mtu aliyelazimishwa tu.

Mengine yalifuata mkondo huo. Juni akaomba msamaha kwa Rais Andrew Johnson. Tarehe 2 Oktoba akatia saini kiapo cha utii kwa Marekani, siku ileile alipoapishwa kuongoza chuo mjini Lexington. (Karatasi ya kiapo ilikuja kuonekana kwenye makabrasha ya serikali mwaka 1970, na uraia wake ukarudishwa 1975, yeye yuko kaburini zaidi ya karne.) Mwaka 1869 alipoalikwa Gettysburg, palipopiganwa moja ya mapigano makubwa ya vita ile, kusaidia kuweka alama za kumbukumbu uwanjani, hakwenda; aliona ni heri madonda ya vita yasiachwe wazi.

Wanaomsifu huishia hapa. Mimi siwezi, kwa sababu ya Februari 1866. Akihojiwa na kamati ya Bunge, alisema Weusi wasipewe kura kwa wakati ule, tena kwamba ingekuwa afadhali kwa Virginia kama ingeondokana nao. Huyu ni yuleyule aliyempa Grant mkono. Kushindwa na jeshi alikumeza. Kuishi sawa na waliokuwa watumwa, hapana. Na watu hao, karibu milioni 4 kwa hesabu ya mwaka 1860, hawakutajwa hata kwa mstari mmoja katika karatasi ya Appomattox.