Insha iliyorudi kimya

Swali la wiki lilikuwa: je, fani ya kuzungumza na watu, yaani mawasiliano, mtu anaweza kuisomea shahada akiwa mbali na watu, kwa masafa? Jibu langu ni ndiyo, ila lina sharti. Sharti lenyewe nililipata kwa mama yangu, si chuoni.

Mimi ni mtangazaji wa redio jamii huku Newala. Niliingia studio na cheti cha miezi sita. Kanuni za Huduma za Habari za mwaka 2017 zilipotaka mwandishi awe na angalau stashahada, nikaitafuta. Nilipoipata nikaona nisiishie njiani, nikajiandikisha shahada kwa masafa. Kuacha kazi na kuhamia mjini miaka mitatu, na watoto wawili mgongoni, halikuwa jambo la kufikirika. Majirani walinicheka: chuo gani hicho cha kwenye simu? Nikawajibu kwamba Mandela alipata shahada yake ya sheria UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kwa masafa mwaka 1989, akiwa bado kifungoni, na kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wakati hapa kwetu hakuna aliyekuwa na simu ya mkononi.

Chuo nilichosoma mimi sikitaji, maana nina dukuduku nacho. Mwaka wa kwanza niliandika insha ya kurasa 12 kuhusu mrejesho: kwamba ujumbe usio na jibu haujakamilika. Ilirudi baada ya miezi minne ikiwa na alama 61. Basi. Hakuna mstari uliopigwa, hakuna "safi", hakuna "kwa nini". Nilicheka peke yangu, kisha nikakereka.

Nilipomsimulia mama, akanikumbusha "Mtu ni Afya", kampeni ya elimu ya afya kwa redio ya mwaka 1973. Redio iliwekwa juu ya kigoda, kiongozi wa kikundi akashika kijitabu, watu wakasikiliza, halafu wakabishana: choo kichimbwe wapi, maji yaliyotuama yafukiwe na nani. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni 2. Mama akaniuliza, "Na wewe kikundi chako mko wangapi?" Nikamwambia niko peke yangu. "Basi mwanangu, wewe husomi. Unasikiliza redio tu."

Wiki ile ile nikawasaka wenzangu wa kozi. Tukapatana wanne: mimi, mtangazaji wa Masasi, afisa habari wa halmashauri na mwalimu mmoja aliyekuwa akiendesha gazeti la ukutani shuleni kwake. Siku za kazi tulitumiana sauti kwenye simu usiku, bando likiruhusu. Jumapili moja kila mwezi tulikutana Masasi. Kanuni ilikuwa moja: hakuna kutuma kazi chuoni kabla wenzako hawajaisoma na kukuandikia swali. Tulikuwa na wa tano, kijana mwerevu kuliko sisi sote, lakini hakuwa na redio, ofisi wala gazeti. Alisoma nadharia bila mahali pa kuijaribu, akaacha mwaka wa pili. Kwake ningemshauri darasa la kawaida, lenye studio.

Sisi tulikuwa na pa kujaribia. Msimu mmoja wa korosho nilisoma matokeo ya mnada: bei ya juu kwanza, halafu bei ya chini. Jioni nikapita kijiwe cha kahawa, nikamkuta mzee mmoja anaitafsiri taarifa yangu: "Ya juu msiihesabu. Shikeni ya chini, tena bado makato ya chama cha ushirika." Wote wakatikisa kichwa kukubali. Mimi niliyesoma habari nimesimama pale pale, hakuna aliyeniuliza kitu! Mwezi uliofuata nikafika kwenye moduli ya Katz na Lazarsfeld, watafiti wa mawasiliano, na kitabu chao cha mwaka 1955 kilichotokana na utafiti wa Decatur, Illinois: habari hutoka redioni ikawafikia kwanza watu wanaosikilizwa, ndipo ikawafikia wengine. Nikamwona mzee wangu na kikombe chake. Tangu hapo nasoma bei ya chini kwanza, na makato nayataja, na kabla ya taarifa ya mnada napita kijiweni kumwamkia na kumuuliza watu wanataka kujua nini. Darasani Dar es Salaam ningekariri majina na mwaka, nikafaulu, nikasahau.

Gharama, umeme kukatika, safari ya basi kwenda kufanya mtihani: hayo yapo, na kila mtu ana yake.

Ile insha ya 61 niliipeleka Masasi, tukaisoma upya wanne. Afisa habari aliirudisha na swali moja pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Kijiwe kiko wapi humu?" Nilikuwa nimeandika kurasa 12 kuhusu mrejesho, na msikilizaji wangu hata mmoja hayumo.