Mwanangu, kuhusu zile kozi za kiangazi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikiwa nimeshazima taa, nikaiwasha tena, na leo nimeamka nao. Unataka nikuchagulie. Seminari iliyo jirani na kwako huko Minnesota, Marekani, ina kozi za kiangazi, kazini wamekukubalia upumzike kiangazi kimoja bila mshahara, sasa uchukue Kigiriki cha Agano Jipya au uchukue ile ya kuhudumia wagonjwa hospitalini, mnayoiita CPE. Kwenu mwezi wa sita watu wanatembea na nguo nyepesi, huku Marangu ndo tunaingia kwenye baridi, asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na mlima huuoni kabisa, mimi sweta sivui hata jikoni. Basi nakujibu taratibu, maana jambo hili kwangu ni kubwa kuliko unavyodhani.

Baba yako angekuwepo angesema Kigiriki kabla hujamaliza swali, unamjua. Yeye alikuwa anaamini mtu akisoma asome kitu kigumu. Na mimi la kwangu mnalijua, mmelisikia mpaka mkawa mnalimalizia nyinyi wenyewe mezani: mchungaji anajulikana msibani. Kwenye mimbari mtu anajiandaa wiki nzima, anavaa kanzu, kwaya imemtangulia. Msibani anaitwa saa nane usiku, hana alichoandika, na mbele yake kuna mama aliyefiwa.

Lakini sijakujibu bado. Ngoja nikwambie kwanza hii ya hospitali ilikotoka, maana sidhani kama huko wamewaeleza. Mwalimu wetu wa ile kozi fupi niliyosoma kabla wewe hujazaliwa ndo alitusimulia. Kulikuwa na mchungaji mmoja Mmarekani anaitwa Anton Boisen, aliugua akili, akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na akiwa humo ndani akaona kwamba mtu aliyelala pale kitandani naye anasomwa kama kitabu, tena kwa heshima ileile. Alipopona akarudi kwa wagonjwa wa akili kuwa mchungaji wao, na kiangazi cha mwaka 1925 akachukua wanafunzi wanne wa theolojia wakafanye kazi na kujifunza kwenye hospitali ya Worcester, jimbo la Massachusetts. Kwa hiyo hicho unachokiona kwenye orodha ya seminari kilianza hivyohivyo, kozi ya kiangazi, vijana wanne. Leo hatua moja ya hiyo kozi haipungui saa 400, sehemu kubwa uko na wagonjwa, zilizobaki mnakaa na msimamizi na wenzako mnachambua mlichosema na mlichosikia.

Sisi mwalimu alitupeleka wodini KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi. Tulikuwa wainjilisti wanaume na wanawake wachache, mimi nikiwa mtumishi wa usharika wa akina mama na watoto. Kazi yenyewe, unakaa na mgonjwa, ukitoka unaandika kwenye daftari mazungumzo yote neno kwa neno, alisema hivi, nikajibu hivi, akanyamaza, akageukia ukutani, yote. Mimi nikapata mzee mmoja wa Upareni, mguu umefungwa mpaka juu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akasema mwanangu mimi naogopa usiku. Nilikuwa na Zaburi yangu tayari nimeiwekea karatasi, wenzangu kwenye vitanda vingine nawasikia wameshaanza kusoma. Nikamuuliza, babu, usiku kuna nini? Akanionyesha kitanda cha pembeni, shuka limevutwa limenyooka. Akasema jana kilikuwa na mtu, tulikula naye uji, asubuhi nimeamka kimetandikwa na hakuna hata mmoja aliyeniambia kitu. Nikakaa. Tukamwongelea yule mtu, watoto wake wangapi, alikuwa anatoka wapi, mpaka nesi akaja kutuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Sikufungua Zaburi.

Kesho yake mwalimu akasimama na daftari langu mbele ya wale wanaume wote akalisoma lote kwa sauti, halafu akasema, mmesikia swali lake? Basi. Hakuongeza neno. Mwanangu, nimeolewa, nimezaa, nimejenga, lakini ile asubuhi bado ninayo. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka stendi nikiwa naimba.

Sasa ndo uone kilichofuata, na hiki sijawahi kukuandikia, nimekisema vipandevipande tu. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari, sabuni ya kugawiwa, mafuta ya gari mpaka uwe na kibali. Surua ikapita mtaani kwetu. Ikamchukua mtoto wa kiume wa jirani yetu, wa pale chini ya mfereji, unapafahamu. Alikuwa mwanafunzi wangu wa Jumapili, nilikuwa namfundisha Zaburi ya 23 kwa moyo na alikuwa amefika mstari wa tatu. Siku ya mazishi mwinjilisti wetu mgonjwa yuko kitandani, mchungaji amekwama Moshi mjini, gari halina mafuta. Tunasubiri kwenye kihamba, shamba la nyumbani kwao, mvua inanyesha, wamefunika kaburi kwa majani ya migomba na udongo mwekundu unateleza kurudi ndani, na lile jeneza dogo la mbao za kasha limewekwa juu ya benchi la kanisa. Mama wa mtoto akaninong'oneza, dada, wewe umesoma, wewe unamjua, simama tumzike.

Nikamwendea mzee wa kanisa aliyekuwa anasimamia, nikamwambia kwa adabu yote, mzee wangu, ukiruhusu ninaweza kusoma ibada, nimefundishwa. Akanijibu kwa sauti watu wote wasikie: mwanamke hasimami kaburini, hiyo kozi yako kafundishe wenzako kushona. Wengine wakainamisha vichwa, wengine wakaguna kukubali. Tukaendelea kusubiri kwenye mvua. Mwisho akachukua kitabu cha ibada akasoma yeye mwenyewe, akaharakisha maana maji yalikuwa yanaingia kaburini, na alipofika mahali pa jina akataja jina la kaka mtu. Kaka mtu alikuwa amesimama pale pale, mzima, ameshika mkono wa bibi yake. Akalia kwa woga mpaka wakamwondoa. Mama yake hakumwangalia yule mzee, aliniangalia mimi.

Hakuja kuomba msamaha. Kwetu Uchagani mtu akikuletea jani la sale, lile la kuombea msamaha, unasamehe, hukatai hata kama moyo unachemka, wazee wamesameheana mpaka damu kwa lile jani. Sikuletewa. Yeye alishafariki, nilienda kumzika, niliimba kwenye kwaya kama wengine, chakula nilipika. Je, nimesamehe? Kuna siku nasema ndiyo, kabisa, alikuwa mtu wa wakati wake na kanisa lenyewe lilikuwa halijaruhusu, yeye angefanyaje? Halafu nakumbuka kwamba sikuomba kubarikiwa uchungaji, niliomba kusoma ukurasa mmoja na kutaja jina la mtoto. Kwa hiyo hapana, sijui, na nimeshazeeka nalo.

Mwaka 1990 KKKT, kanisa letu la Kilutheri, ikakubali wanawake wabarikiwe uchungaji, na 1991 wa kwanza wakabarikiwa. Baba yako aliniletea habari akiwa ameshika redio mkononi kama mtu aliyeshinda yeye. Akaniambia nenda Makumira, chuo chetu cha theolojia, bado hujachelewa. Akanipigia hesabu, chuo kilianza Lwandai kule Lushoto mwaka 1947, kikahamia hapa Usa River 1954, miaka yote hiyo wanaobarikiwa ni wanaume, sasa zamu yako. Lakini kaka yako alikuwa anaingia sekondari, wewe mdogo, bibi yako amelala ndani hageuki bila mtu. Sikwenda. Sikuandikii haya ili uone nilionewa na nyinyi, la hasha, ningefanya vilevile. Nakuandikia ujue kwamba unaponiuliza kozi ya kiangazi, mimi nasikia kitu kingine, nasikia kama unaniuliza utasimama wapi siku hiyo ikifika.

Na yule mama mchungaji aliyemzika baba yako, wewe ulimwona kwenye simu tu. Ulikuwa huko, karatasi za ukaazi hazijakamilika, ukitoka huwezi kurudi, tukakushikia WhatsApp mpaka chaji ikaisha. Alitaja majina yote matatu ya baba yako, hakuangalia karatasi. Jana yake alikuja akakaa na sisi jikoni saa nzima akiuliza baba alikuwa anapenda nini. Mchungaji anajulikana msibani, nimekwambia.

Hapo utasema basi mama amechagua hospitali. Ngoja kwanza. Na Kigiriki nacho nisikidharau, maana nani kasema msiba hauhitaji kusoma? Nimesikia mahubiri ya msibani yaliyoumiza watu kuliko kifo chenyewe, mtu anasimama anashika mstari mmoja, anawaambia wafiwa Mungu amefanya hivi kwa sababu ya dhambi fulani, na hajui mstari umetoka wapi wala ulikuwa unasemwa kwa nani. Angesoma angenyamaza. Martin Luther asingelitoa Agano Jipya la Kijerumani kwa watu wake mwaka 1522 bila Kigiriki, alilitafsiri kutoka huko. Kwa hiyo baba yako naye alikuwa na lake, na ukiwa na Kigiriki hakuna mzee wa kanisa atakayekwambia kafundishe kushona. Ingawa atasema tu, kama anataka kusema.

Tena wewe ni nesi. Wagonjwa unao kila siku, wale wazee wa huko unawaogesha, unawalisha, unawafumba macho. Unaweza kusema hospitali naijua, nikasome nisichokijua. Hiyo ni hoja nzuri na nimeifikiria. Ila kule utaingia chumbani bila dawa na bila kipimo, mikono mitupu, na hapo ndo pagumu. Na kuna jingine nakuonya mapema. Kwenye ile kozi wanakuchimba na wewe. Utaandika mazungumzo na mzee fulani, msimamizi atakuuliza mbona hapa ulibadilisha mada, na itatoka ile ya baba yako na chaji iliyoisha, mbele ya watu ambao hujawajua hata mwezi. Sikutishi. Naona hata itakusaidia, kwa sababu hujalia, kaka yako naye anasema hujalia. Lakini usiende kwa sababu hiyo peke yake, wale wagonjwa hawapo pale kukutibu wewe.

Dada yangu mdogo, shemeji zake wote ni wachungaji, anasema mwambie mtoto asipoteze mshahara wa kiangazi kizima kwa kitu ambacho si digrii. Nikamwambia mimi kilichonifaa maisha yangu yote nilikisoma kwenye kozi fupi isiyo na digrii. Lakini ukiniuliza kama ningependa uendelee, usome ile miaka mitatu kamili, ubarikiwe, urudi siku moja usimame kwenye kihamba chetu... hilo hujaniuliza na silijibu. Nimeshaliandika nikalikata, nikaliandika tena. Liache.

Chagua mwenyewe. Omba, ongea na mchungaji wenu wa huko, waulize waliopita kwenye zote mbili, wasikwambie uzuri tu. Mimi sitasema ni ipi, ingawa ukipiga simu Jumapili baada ya ibada na ukauliza mara ya pili sijui kama nitaweza kunyamaza.

Na ada kama inapungua sema mapema, kahawa ya mwaka huu imeshika vizuri na yule ng'ombe dume nilitaka kumuuza hata hivyo. Usinyamaze kama ulivyonyamaza ule mwaka wa unesi tukaja kusikia kwa watu.

Mama yako